Kitochi cha mama na simu janja: tuzipime siku ipi?

Wadogo zangu wamechangishana kumnunulia mama simu janja. Walinipigia mwezi uliopita: dada, wewe ndiye uliye karibu na Kariakoo, tuchagulie iliyo nzuri, na kile kitochi chake, ukifika nyumbani mpe fundi akitoe spea. Sababu yao naielewa. Wajukuu wanakulia mbali, wawili mama hajawahi kuwatia machoni ila kwenye picha, na kila picha hupitia simu ya kijana wa jirani. Siku kijana huyo akisafiri, habari zinakatika. La kununua nikakubali palepale. La kukitoa kitochi ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Mtaa wa Aggrey, hapo Kariakoo, simu hazikosi msemaji. Kijana aliyenihudumia alinitajia sifa za Samsung Galaxy A05 bila hata kuangalia boksi: kioo cha inchi 6.7, kamera ya megapikseli 50, betri ya mAh 5000 (ndicho kipimo cha chaji inayobebwa), nafasi ya GB 64, laini mbili. Hakunidanganya hata moja. Nikamwuliza, "Na chaji ikiisha usiku, umeme umekatika?" Akanijibu kwa upole, "Hapo dada utachukua na pawabanki."

Jibu lile sijaliacha tangu siku hiyo. Orodha za sifa zinazobandikwa madukani na kurudiwa na wachambuzi wa simu zinaipima simu katika siku yake njema: umeme upo, bando lipo, mikono mikavu, macho yanaona, mnara uko jirani. Siku kama hiyo simu janja haina mpinzani, na kulinganisha ni kupoteza muda. Mama yangu anaishi kijijini Muheza, anauza machungwa, na mwezi haupiti bila siku ambayo mvua imeangusha nguzo, bando limekwisha, na kuna mtu anayetafutwa kwa haraka. Simu yake naona ipimwe kwa siku hiyo kwanza, ndipo tuje kwenye megapikseli.

Kwa upande wa zamani nachukua Nokia 1100, kwa sababu ndiyo iliyokuwa simu yake ya kwanza na ndiyo iliyotupa Waswahili neno kitochi mikononi. Ilitangazwa mwaka 2003. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na simu ya bilioni moja ya Nokia, iliyouzwa Nigeria mwaka 2005, ilikuwa 1100. Watu wengi hudhani simu ile ilikuwa rahisi tu, kana kwamba watengenezaji waliishiwa fikra. Ilifikiriwa sana. Vitufe vyake vilifunikwa na utando mmoja wa mpira ili vumbi lisipenye, ubavuni iliwekwa mpira ili isiteleze kwenye mkono wenye jasho, na juu kabisa ikapewa taa. Aliyeichora alikuwa na picha ya mtu wa barabara ya vumbi na nyumba isiyo na umeme. Simu janja ya bei ya chini haina picha hiyo. Imechorwa kwa ajili ya mtu wa mjini, kisha ikapunguzwa ubora mpaka bei ikafika kwetu.

Betri ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Ya Nokia 1100, ile BL-5C ambayo mafundi wetu wanaitaja kwa jina kama wanavyotaja dawa ya maumivu, ilikuwa na mAh 850. Ya A05 ni karibu mara sita yake. Kwa hesabu ya mezani mpya imeshinda kwa mbali. Lakini Nokia waliitangaza simu ile kuwa inaweza kukaa hadi saa 400 ikisubiri kupigiwa, yaani siku 16 na ushei, wakati simu janja yangu mwenyewe, nikiitunza sana, haifiki siku ya pili jioni. Betri mpya si mbovu. Ila mzigo wake umekua kupita tangi lake. Kioo cha 1100 kilikuwa na nukta 6,240, nyeusi tupu, na taa yake ilizimika baada ya muda mfupi. Kioo cha A05 kina nukta zaidi ya milioni moja na laki moja, zenye rangi, na zote zinamulikwa kwa nyuma kila unapotazama saa. Nyuma ya kioo programu nyingi zinaamka bila kuitwa: hii inaulizia ujumbe mpya, ile inapakia picha, nyingine inatafuta mahali ulipo. Na mnara ukiwa mbali, simu huongeza nguvu ili isikike. Mama anakaa upande wa milima, ambako mtandao huja na kuondoka kama ukungu. Simu janja ikikaa pale siku nzima inautafuta mtandao, jioni betri imekwenda na hakuna aliyepiga.

Kuna jambo jingine kuhusu betri ambalo sijaliona kwenye ulinganisho wowote. Betri ya kitochi inatoka. Unafungua mfuniko kwa ukucha, unaitoa, unaibana kwenye chaja ya kobe, na kama unayo ya pili unaiweka na kuendelea na safari. Kijijini kwetu, miaka ile kabla nguzo hazijafika, watu walipeleka betri kibandani kuchajisha na kubaki na simu zao mfukoni. Laini iko kwako, namba zako ziko kwako, meseji zako ziko kwako. Kilichoachwa kwa mwenye kibanda ni kipande cha umeme tu. Simu janja unaiacha yote. Picha za familia, mazungumzo, akaunti za fedha, vyote vinalala kwenye ubao wa mtu mwingine mpaka chaji ijae. Namba ya siri inalinda, naam, lakini wangapi wa wazazi wetu humtajia kijana wa kibandani namba hiyo ili "akipiga mtu unipokelee"?

Na betri ikivimba? Ya kitochi unanunua nyingine dukani. Hata redio ndogo zinazouzwa magengeni zinatumia BL-5C hiyohiyo, kwa hiyo haipotei sokoni. Ya simu janja imefungwa kwa gundi. Fundi anapasha moto mgongo wa simu, anaufungua kwa kipande cha plastiki, na mteja anaomba Mungu kioo kisipasuke. Changu kilipasuka mwaka jana. Bei niliyotajiwa ya kioo kipya ilizidi nusu ya fedha niliyonunulia simu yenyewe.

Kuhusu taa sitasema mengi. Ya simu janja ina mwanga mkali zaidi, hilo ni kweli. Ila ya kitochi unaiwasha kwa kitufe kimoja, gizani, bila kukitazama, hata mikono ikiwa na maji. Vitufe navyo vina heshima yake. Pale kwenye namba 5 kuna kinundu kidogo. Kidole kikikigusa, namba nyingine zote zimejulikana zilipo. Mama anapiga simu macho yake yakiwa barabarani, na mimi siwezi. Kioo cha kupapasa hakina kinundu, na kidole kilichokaushwa na jembe miaka 40 mara nyingi hakitambuliwi nacho. Nimemwona akibonyeza mara nne, mara tano, akidhani kosa ni lake.

Tuje kwenye mtandao, maana hapa watu huchanganya mambo mawili. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuja Tanzania mwaka 2008, enzi ambayo simu iliyokuwa mfukoni mwa mteja ilikuwa hiyo ya vitufe. Haikungoja simu janja. Ukibonyeza nyota 150 nyota 00 reli, menyu inayofunguka haipiti intaneti na wala haihitaji bando. Inapita kwenye njia ileile ambayo simu na mnara huitumia kuandaa upigaji na kupeleka meseji. Ndiyo maana inafanya kazi kwenye simu ya bei yoyote na mahali penye mtandao hafifu. Huduma kubwa kuliko zote ambayo eneo letu limeuonyesha ulimwengu kwa njia ya simu ilijengwa juu ya uwezo wa kitochi.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani zetu. Mjini watu walizima simu na kuziwasha, wakatoa laini na kuzirudisha, wakalalamika bando limeliwa. Nilimpigia mama jioni kama kawaida yangu ya Jumapili. Hakujua kama kuna kilichotokea. Simu ya kawaida kutoka Dar es Salaam kwenda Muheza haina haja ya kupita chini ya bahari. Sisi tuliohamisha mazungumzo yetu yote kwenda kwenye programu ndio tulioyafunga kwenye nyaya zile, na wengi hatukujua mpaka siku zilipokatika.

Meseji nayo watu wameidharau mapema. Meseji moja hubeba herufi 160, na Kiswahili kinaandikika chote kwa herufi za kawaida, kwa hiyo nafasi yote ni yetu. Ukiongeza emoji moja tu, meseji hubadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Anayemtumia mzazi meseji yenye vikaragosi vitatu, salio lake linalipia meseji mbili au tatu, na kitochi cha upande wa pili kinaonyesha viboksi vitupu.

Nokia 1100 iliweza kutunza majina 50 kwenye kitabu chake. Zamani niliona ni kasoro. Leo naiona tofauti. Majina yale hayakuwa na njia ya kutoka. Simu janja inapakia programu, na programu inaomba ruhusa ya kuona majina, picha, mahali ulipo. Mtu mwenye shida ya fedha saa tano usiku hasomi, anabonyeza "kubali". Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na kuzipiga marufuku. Wengi wetu tulishajua habari za mikopo hiyo ya kausha damu kabla ya tangazo, kwa sababu tulipokea meseji: fulani, ambaye umo kwenye simu yake, anadaiwa, mwambie alipe. Mimi nilipokea mbili, za watu wawili tofauti. Mmoja alikuwa mwalimu wangu wa zamani. Aibu ile aliyofanyiwa mtu mzima mbele ya kila aliyemwandika kwenye simu, kitochi kisingeweza kuifikisha kwangu. Ninapofikiria mama ana majina ya wanunuzi wake, mashehe, mwenyekiti wa kitongoji na akina mama wa vikoba, naogopa kweli kuyaweka mahali ambapo kidole kimoja kikiteleza yanachukuliwa.

Uhai wa simu nao una hesabu zake. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android 4.4, toleo la zamani la mfumo unaoziendesha. Simu hizo hazikuanguka wala kuingia maji. Zililala nzima zikaamka nusu. Simu za bei ya juu sasa zinaahidiwa masasisho ya miaka mingi. Google ilitangaza miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafanya hivyohivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Ahadi hiyo haishuki hadi kwenye simu za laki mbili na ushei, ambazo ndizo zetu. Maskini ananunua simu yenye maisha mafupi, kisha analazimika kununua tena.

Nisikipendelee kitochi kupita haki yake. Nacho kifo chake kinakuja kwa mlango mwingine. Kinaishi kwa mtandao wa 2G, ule wa kizazi cha pili, na huko Marekani kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa 2G mwanzoni mwa 2017; Singapore nayo ikazima mwaka huohuo. Siku hiyo ikifika kwetu, simu nzima zenye betri nzima zitakuwa vipande vya plastiki kwa tangazo la siku moja.

Na zipo siku mbaya ambazo kitochi hakifui dafu. Mwaka jana mama alijikata mguu kwa jembe. Kwenye simu alisema ni mkwaruzo. Mama zetu wote husema ni mkwaruzo. Kijana wa jirani akapiga picha, akamtumia mdogo wetu ambaye ni muuguzi, na mdogo wetu alipouona uvimbe na wekundu uliopanda hadi juu ya kifundo, alisema neno moja: hospitali, leo. Sauti ya mama isingetuambia kile ambacho picha ilituonyesha. Nina pia binamu ambaye ni kiziwi. Miaka yote ya kitochi alikuwa mtu wa meseji fupifupi. Kaka zake walizijibu kwa "sawa" na "poa" na basi. Tangu apate simu janja anaongea kwa lugha ya alama na wenzake wa Tanga na Arusha, saa nzima, anacheka mpaka machozi. Kwa asiyeona kuna TalkBack, sauti inayosoma kilicho kwenye kioo. Mtu akiniambia simu janja ni anasa, nampeleka nyumbani kwa binamu yangu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema turudi kwenye vitochi, kama ambavyo sikubaliani na wadogo zangu waliotaka kukitupa. Ninachokataa ni kipimo. Tumeruhusu muuzaji achague maswali, naye huchagua yale ambayo simu mpya inayajibu vizuri. Yapo ambayo hayaulizwi dukani: itapata masasisho mpaka mwaka gani? Kioo chake kinapatikana kwa fundi wa Muheza au mpaka Dar? Betri ikichoka, nani ataitoa? Umoja wa Ulaya, kuanzia Juni 2025, umewalazimisha wanaouza simu janja huko kutoa masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya toleo kuacha kuuzwa, na kuweka spea sokoni kwa miaka 7. Simu nyingi zinazouzwa Aggrey zinatengenezwa na kampuni hizohizo zinazouza Ulaya. Sioni sababu ya mamlaka zetu za mawasiliano na za viwango kushindwa kudai, kwa kuanzia, mstari mmoja tu ubavuni mwa boksi, kwa Kiswahili: simu hii itasasishwa hadi mwaka fulani. Mwaka 2016 tuliweza kuzima simu bandia nchi nzima. Kudai mstari mmoja hakutatushinda.

Na wenye huduma wasiharakishe kuhama. Naona benki na ofisi zinazosema sasa "pakua programu yetu" huku menyu ya nyota na reli ikiachwa ichakae, ikikatika katikati ya muamala na kumrudisha mtu mwanzo. Wanaotumia menyu ile ni wale ambao safari ya kwenda tawini inawagharimu siku nzima ya shamba. Menyu hiyo inastahili fundi wake, bajeti yake na mtu wa kuijibia, sawasawa na programu.

Simu nilinunua. Nilimpelekea mwenyewe, nikakaa siku tatu. Maandishi nimeyakuza hadi mwisho, programu ambazo hatazihitaji nimezitoa, na kila inayoomba kuona majina nimeifungia. Amejifunza kupokea simu ya video na kusikiliza ujumbe wa sauti. Kutuma bado, tutafika. Alipomwona mjukuu wa Mwanza akitembea, alikishika kioo kwa mikono miwili na hakukiachia mpaka bando likaisha.

Laini yake ya zamani, ile ambayo namba yake imeandikwa kwenye madaftari ya wanunuzi wa machungwa na ndiyo yenye M-Pesa yake, imebaki kwenye kitochi, na kitochi kimebaki kwenye kibwebwe. Simu janja ina laini mpya tunayoijua sisi watoto wake tu. Kwa fundi niliingia kununua betri ya pili ya BL-5C, na kobe.